Moto wa Nyumbani: Tuutunze au Tuubadili?

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa ukoo, Maskati)

 

Kamati imenitaka nizungumze juu ya jambo ambalo kwa juu juu laonekana dogo, nalo ni moto tunaoutumia majumbani mwetu. Sababu ni kwamba nyumba kadhaa za ukoo huu zimo mbioni kutoa fedha. Kule Unguja, jiko la nyumba kubwa lingali la mkaa, na imependekezwa liwe la gesi. Hapa Maskati baadhi yetu tumeshauriwa tung'oe hita za maji za zamani tutie mpya. Na ndugu zetu wa Uingereza wanaulizana: boila ya gesi iliyowapasha joto kwa miaka ishirini itengenezwe, ibadilishwe, au iondolewe kabisa na mahali pake uwekwe mtambo wa umeme? Miji ni mbalimbali, lakini swali ni moja.

Rai yangu ni hii. Bei ya mkaa, ya mtungi au ya uniti ya umeme, ikisimama peke yake, haitwambii kitu. Lenye kuhesabiwa ni joto linalofika katika sufuria, katika maji au chumbani. Kisha hali ya chombo kinacholileta joto hilo. Kisha kifua cha yule anayekaa karibu nacho.

Tuifanye uniti moja ya umeme kuwa pishi yetu ya kupimia. Kilo moja ya kuni kavu ina joto la uniti zipatazo 4. Mkaa, uniti 8. Mafuta ya taa, uniti 12. Na gesi ya mtungi, karibu uniti 13. Lakini jiko la mkaa la kawaida huifikishia sufuria kiasi cha fungu moja tu katika matano, na yaliyobaki hupotea hewani. Jiko la gesi hufikisha nusu au zaidi. Kwa hivyo kilo moja ya gesi hufanya kazi ya kilo nne za mkaa, na mwenye kutaka kulinganisha bei na alinganishe hivyo. Aidha, mkaa wenyewe umekwisha kula miti kabla haujafika sokoni, kwani katika tanuri la udongo kilo moja ya mkaa huweza kutaka kilo tano hadi kumi za kuni.

Kwa nini basi mama zetu wameushikilia mkaa? Si kwa kutojua. Mkaa hununuliwa kwa kopo, pesa ya leo kwa chungu cha leo, ilhali mtungi hutaka fedha nyingi kwa siku moja. Mwezi Mei 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Lengo ni jema, lakini kwa nyumba yetu hatuna haja ya kungojea. Tukiwapelekea jiko na mtungi wa kwanza tu, bila ya kuweka fungu la kuujaza tena, mtungi utageuka pambo la jikoni na moshi utarudi palepale.

Hata hivyo jiko la mkaa lisitupwe. Wenye umri wanakumbuka kwamba Unguja, ambayo tangu mwaka 1980 hupata umeme wake kwa waya wa chini ya bahari kutoka bara, ilikaa gizani kiasi cha mwezi mzima mwaka 2008, na tena kiasi cha miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Waya wa pili ulianza kazi mwaka 2013 na mambo yakatengenea. Lakini nyumba yenye busara haitegemei moto wa namna moja, iwe ni wa umeme au wa gesi.

Kuhusu gesi yenyewe, naomba vijana wa nyumba wafahamu kwamba ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini na kujikusanya pembeni. Mtungi usimamishwe wima, mahali penye hewa. Mpira uangaliwe na ubadilishwe kabla haujapasuka. Na maungio yajaribiwe kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti.

Sasa nije Maskati. Kwa miaka mingi, hadi mwisho wa 2020, umeme wa majumbani Oman uliuzwa baisa 10 kwa uniti katika uniti 3,000 za mwanzo za mwezi. Kuzipasha moto lita 50 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 60 hutaka uniti 2 hivi, yaani baisa 20 kwa bei ile. Nani angeliijali hita? Mwaka 2021 ruzuku ilianza kupunguzwa, na sasa watu wanaiangalia hita kwa jicho jingine, wengine kwa pupa ya kununua mpya.

Kabla ya kununua, mwite fundi afungue. Ndani ya tangi kuna kijiti cha magniziamu kilichowekwa makusudi kiliwe na kutu badala ya tangi. Kikishakwisha, tangi ndilo huliwa. Kukibadilisha ni gharama ndogo, nacho ndicho kisichokumbukwa kabisa. Chokaa inayoganda juu ya waya wa joto na kutua chini ya tangi itolewe mara moja kwa mwaka, na vali ya usalama ijaribiwe, kwani vali iliyoziba huweza kulifanya tangi lipasuke. Uliokufa ukiwa ni waya wa joto au thamostati, badilisha kilichokufa. Likivuja tangi lenyewe, hapo tena hakuna dawa. Na nyuzi 60 ziwe ndizo kipimo: chini sana ya hapo vijidudu huweza kuzaliana ndani ya maji, na juu ya hapo umeme wapotea bure. Hata nyuzi 60 huunguza haraka ngozi ya mtoto, basi maji yachanganywe kwanza.

Wageni wetu nawajulisha hila ya wenyeji. Wakati wa joto kali, maji ya tangi la juu ya paa hutoka bombani yakiwa ya moto. Basi hita huzimwa, na maji yaliyotulia ndani yake, maadam imo ndani ya nyumba, ndiyo huwa ya kuogea ya baridi. Jua lenye kufanya hayo bila ya malipo laweza pia kutupashia maji wakati wa baridi. Anayejenga nyumba mpya na aiweke hita ya jua katika hesabu yake.

Nakuja kwa ndugu zetu wa Uingereza. Nchi hiyo haikuanza leo kubadili moto. Baada ya moshi mzito ulioifunika London Disemba 1952, ilipitishwa sheria ya hewa safi mwaka 1956. Kisha, kati ya 1967 na 1977, nyumba zipatazo milioni 13 zilihamishwa kutoka gesi ya makaa ya mawe hadi gesi asilia, jiko kwa jiko. Kwa hiyo kubadili kunawezekana. Swali ni lini.

Boila za kizamani hufikisha chumbani kiasi cha robo tatu ya joto la gesi. Zile zinazokamua joto hata katika mvuke wa moshi wake hufikisha karibu sehemu tisa katika kumi. Mtambo wa umeme uitwao pampu ya joto hufanya zaidi: kwa uniti moja ya umeme huingiza ndani uniti tatu hivi za joto. Msistaajabu. Simameni nyuma ya kiyoyozi chochote hapa Maskati, mtahisi joto la chumbani likitupwa nje. Pampu hiyo ni kiyoyozi kilichogeuzwa uso. Lakini kwa miaka ya karibuni uniti ya umeme Uingereza imekuwa na bei ya karibu mara nne ya uniti ya gesi, hivyo faida yaweza kumezwa, hasa nyumba ikiwa inavujisha joto madirishani na darini. Msaada wa serikali wa pauni 7,500, uliofikia kiwango hicho Oktoba 2023 kwa England na Wales, ni wa kununulia mtambo, hauzibi nyufa za nyumba. Basi zibeni nyufa kwanza.

Boila ikiwa ingali nzima, itunzwe: ikaguliwe kila mwaka na fundi aliyesajiliwa Gas Safe, radieta zitolewe hewa na tope la kutu. Ikiwa ni ya aina ile inayokamua mvuke, maji yanayokwenda kwenye radieta yapunguzwe hadi nyuzi 60 hivi. Vipuri vikiwa havipatikani tena, au fundi akiitilia shaka njia ya moshi, isitengenezwe, iondolewe.

Nimeliacha la mwisho lililo zito. Moto wowote unaokosa hewa hutoa monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na rangi wala harufu. Hutoka katika boila mbovu, hutoka pia katika mkaa uliokwisha kuwa mwekundu na kuacha kutoa moshi. Wanaokwenda Jabal Akhdar wakati wa baridi wasiingize jiko la mkaa hemani kwa kuota. Wenye kufukiza udi wafungue dirisha. Na kila nyumba yenye boila iwe na king'ora cha sumu hiyo, kwani bei yake ni ndogo mno mbele ya roho moja.

Kwa hivyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, napendekeza: Mfuko wa Jumuiya ulipie jiko na mtungi wa Unguja pamoja na kujazwa kwake kwa mwaka mzima, hita za Maskati zifunguliwe na fundi kabla ya yeyote kununua mpya, na nyumba za Uingereza zianze na ukaguzi na king'ora, kisha nyufa, kisha ndipo mtambo.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na waliomo, na atukutanishe tena katika kheri. Wabillahi tawfiq.