Pesa ya Mtandaoni: Ukitaka Shilingi Zako, Unamdai Nani?

Mada kwa viongozi wa SACCOS na vikundi vya VICOBA



Nimeombwa nizungumzie sarafu za mtandaoni, na nimeona nianze na mabishano yenyewe kama tunavyoyasikia vijiweni, kwenye daladala na kwenye makundi ya WhatsApp ya familia. Mmoja anasema Bitcoin ni upatu tu, haina kitu nyuma yake. Wa pili anamjibu kwamba hata shilingi haina dhahabu nyuma yake. Wa tatu anauliza: M-Pesa nayo si pesa ya mtandaoni, mbona tunaitumia kila siku? Wa nne kasikia serikali imeanza kutoza kodi, kwa hiyo jambo limeshahalalishwa. Ubishi unakwisha kila mtu akiwa na lake, na baada ya wiki mbili kuna mjumbe anapendekeza sehemu ya akiba ya kikundi iwekwe huko kabla ya kuvunja mzunguko.

Swali la thamani, kwa namna tunavyoliuliza, halitufikishi mbali. Chochote ambacho watu wawili wamekubaliana kupeana kina thamani saa hiyo. Mtu akituletea pesa ya aina yoyote tumuulize hivi: siku nikitaka shilingi zangu mkononi, namdai nani, na huyo ninayemdai analazimishwa na nini kunilipa? Kwa swali hilo, vitu vinavyochanganywa kwenye ubishi vinaanza kutengana.

Shilingi ya simu na shilingi ya noti

M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, ikaingia Tanzania mwaka uliofuata. Unapompa wakala 50,000 naye akakuhamishia salio, hujanunua sarafu mpya. Kwa kila shilingi inayoonekana kwenye simu za wateja, kampuni inatakiwa iwe na shilingi halisi katika akaunti ya amana benki, iliyotengwa na fedha zake yenyewe. Mwaka 2014 Tigo Pesa ilipoanza kuwagawia wateja faida iliyotokana na akaunti hizo, wengi walipokea ujumbe wa shilingi kadhaa wakashangaa zimetoka wapi. Zilikuwa zimezaliwa na fedha zao wenyewe zilizolala benki. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 imeiweka biashara hii chini ya Benki Kuu. Ukikosea namba unapiga huduma kwa wateja, na kama aliyepokea hajatoa, kuna uwezekano wa kurudishiwa. Mdaiwa yupo, ana leseni, na ofisi yake inajulikana ilipo.

Sasa shilingi yenyewe. Anayesema haina dhahabu nyuma yake anasema kweli. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, ilitoa fedha zilizosimama juu ya pauni ya Uingereza. Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza kazi Juni 1966, tukaanza safari yetu wenyewe. Leo shilingi inasimama juu ya sheria na juu ya mahitaji. TRA wanataka shilingi, hukumu ya mahakama inalipika kwa shilingi, na hakuna mwenye duka nchini anayeruhusiwa kuikataa. Inaweza kupungua nguvu, na waliokuwa wakinunua sukari miaka ya 1980 hawahitaji kuelezwa hilo. Lakini aliyeitoa anaendelea kuiwajibikia. Benki Kuu ilipotangaza kuondoa noti za matoleo ya zamani, ilitoa muda wa kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025 wa kuzibadilisha. Bibi mwenye kibunda chini ya godoro alikuwa na dirisha la kuzipeleka.

Bitcoin haina mdaiwa

Waraka uliotiwa jina la Satoshi Nakamoto ulitolewa tarehe 31 Oktoba 2008, na mtandao wenyewe ukaanza kufanya kazi tarehe 3 Januari 2009. Ni daftari moja la miamala ambalo nakala zake zimetunzwa kwenye maelfu ya kompyuta duniani, na takribani kila dakika kumi ukurasa mpya unaongezwa. Anayefanikiwa kuongeza ukurasa analipwa Bitcoin mpya, na malipo hayo hupunguzwa nusu kila baada ya miaka minne hivi. Mara ya karibuni ilikuwa Aprili 2024. Zikifika milioni 21, basi. Hakuna gavana, waziri wala kampuni inayoweza kuongeza.

Hoja hiyo ya uchache naiheshimu, na naomba tusiidharau kwa sababu tu inasemwa na vijana. Pwani yetu ilishiriki kuiua fedha iliyokosa ukomo. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walisomba kauri kwa shehena kutoka Zanzibar na mwambao wa Afrika Mashariki wakazipeleka Afrika Magharibi, ambako kauri zilikuwa fedha halali ya sokoni. Zilimiminwa nyingi kiasi kwamba bei yake ikaporomoka, na familia zilizokuwa zimeweka akiba ya maisha kwa kauri zikabaki na magunia yasiyonunua kitu. Anayeogopa fedha inayoongezwa bila mpaka ana sababu.

Ila uchache haukupi mtu wa kumdai. Ukiwa na Bitcoin, njia yako ya kupata shilingi ni moja tu: apatikane mtu mwingine anayeitaka, kwa bei anayoitaka yeye siku hiyo. Tuchukue mwanachama aliyeweka milioni moja mwezi Novemba 2021, Bitcoin moja ilipokaribia dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye, baada ya soko la sarafu za mtandaoni la FTX kuanguka, ilikuwa chini ya dola 16,000. Milioni yake ilikuwa imebaki kama 230,000, na Januari shule zinafunguliwa. Aliyeweza kuvumilia hadi Desemba 2024, bei ilipovuka dola 100,000, alirudisha fedha yake na ziada juu. Wote wawili wana ushuhuda wa kweli, ndiyo maana ubishi hauishi. Tofauti yao ni kwamba mmoja alikuwa na fedha ya kusubiri na mwingine alikuwa na ada ya mtoto. Wanachama wetu wengi ni hao wa ada.

Wapo wanaosema Bitcoin ni dawa ya makato, hasa tangu tozo ya miamala ya Julai 2021 ilipowakasirisha watu wakarudi kubeba noti mifukoni. Hasira ile ilikuwa ya haki. Lakini mtandao wa Bitcoin nao una ada, na hiyo hupanda kadiri foleni inavyokuwa ndefu: siku malipo yalipopunguzwa nusu, Aprili 2024, ada ya wastani kwa muamala mmoja ilipita dola 100. Zipo njia za pembeni zilizo nafuu kwa malipo madogo. Anayeuza nyanya Mabibo hajaziona.

Dola ya kwenye simu

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu kitu kinachoingia kwa kasi katika biashara zetu ni sarafu zilizofungwa na dola, na inayotajwa zaidi ni USDT ya kampuni ya Tether. Mwaka 2023 dola zilipoadimika nchini, mwenye duka aliyeagiza mzigo Guangzhou alikuwa na shilingi za kutosha benki na bado akaambiwa asubiri. Muuzaji wa China hasubiri. Wafanyabiashara wa namna hiyo ndio walioanza kuambiana kuhusu USDT, na siwezi kuwalaumu.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Unafungua programu ya soko la sarafu, upande wa mtu kwa mtu. Unaona orodha ya wauzaji, kila mmoja na bei yake kwa shilingi. Ukimchagua mmoja, programu inazishikilia USDT zake, nawe unapewa dakika chache umtumie shilingi kwa simu au benki. Akithibitisha kuzipokea, USDT zinaachiwa kwako. Kisha unaweka anwani ya muuzaji wako wa China. Kama mmekubaliana mtandao wa Tron, anwani inaanza na herufi T na ina herufi na tarakimu 34. Unainakili, unaibandika, unabonyeza tuma. Mzigo unalipiwa ndani ya dakika chache.

Ukibandika anwani ya mtu mwingine, hakuna huduma kwa wateja ya kupiga. Na upande wa shilingi kuna shimo jingine ambalo watu hawalioni: unapouza USDT, anayekutumia fedha humjui. Zikiwa zimetokana na wizi, uchunguzi unaanzia kwenye laini yako wewe uliyezipokea, na salio la biashara nzima linaweza kuzuiwa wakati unajieleza.

Mdaiwa je? Kwa USDT yupo: ni kampuni binafsi ya nje inayosema ina akiba ya kutosha kwa kila sarafu iliyoitoa. Oktoba 2021 wakala wa Marekani unaosimamia masoko ya bidhaa ulikubaliana na Tether ilipe dola milioni 41, kwa kuwa kwa vipindi fulani maelezo yake kuhusu akiba hiyo hayakuwa ya kweli. Tangu hapo sarafu yake imeendelea kubadilishwa karibu na dola moja. Kampuni hiyohiyo ina uwezo wa kuzifungia sarafu zilizo kwenye anwani yako. Mwezi Machi 2023, Benki ya Silicon Valley ilipofilisika, sarafu shindani ya USDC ilishuka chini ya senti 90 kwa sababu dola bilioni 3.3 za akiba yake zilikuwa kwenye benki hiyo. Ilirudi kwenye dola moja baada ya serikali ya Marekani kutangaza kwamba wenye amana wote watalipwa. Nayo UST ya mradi wa Terra, iliyojiita dola bila dola yoyote benki, ilianguka Mei 2022 ndani ya siku chache na kufuta makumi ya mabilioni ya dola. Zote tatu zilijiita dola moja. Anayekushauri uweke fedha huko bila kukueleza tofauti yake, mwambie akasome kwanza.

Kodi si kibali

Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo kwamba sarafu hizi hazitambuliki kisheria nchini na kwamba kuzifanyia biashara ni kinyume cha kanuni za fedha za kigeni. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ijiandae na mabadiliko haya. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Wauzaji wakaanza kutangaza: mnaona, imeruhusiwa.

Kutozwa kodi hakumaanishi kulindwa. Asilimia 3 ikikatwa, hakuna bima ya amana iliyokuja nayo, hakuna leseni ya yule aliyekuuzia, na hakuna dawati la malalamiko. Wenzetu Kenya walianza na kodi ya asilimia 3 mwaka 2023, wakaifuta mwaka 2025 na kuweka ushuru kwenye ada za watoa huduma, kisha Oktoba 2025 wakapata sheria ya kuwapa leseni na kuwasimamia. Kwa maoni yangu tulipaswa kuanza na usimamizi. Serikali inayochukua fungu katika muamala haina budi kumweleza mwananchi aende wapi akidhulumiwa.

Sanduku letu

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu tumeshaumia. Wenye upatu wa DECI walipowaambia watu wapande mbegu wavune, hakukuwa na kompyuta wala sarafu ya mtandaoni; kulikuwa na ahadi ya mavuno, na aliyevuna kwanza ndiye aliyewaleta majirani. Serikali iliuzuia mwaka 2009, na akiba za watu zilikuwa zimeshaingia. Leo mpango wa namna ileile unakuja kupitia Telegram ukiwa na picha ya chati na jina la sarafu. Bitcoin si upatu, lakini jina lake hutumika kuuzia upatu. Dalili ni zilezile: faida ya kila siku iliyotajwa mapema, zawadi ya kuleta watu, na siku ya kutoa unaambiwa ulipe kwanza ndipo ufunguliwe.

Mnajua sanduku la VICOBA lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanachama watatu tofauti, hakuna anayefungua peke yake. Sasa tazameni waleti ya sarafu. Inafunguliwa kwa maneno 12 au 24, na mwenye maneno hayo ndiye mwenye fedha. Akiyapoteza, fedha imekwenda. Akifariki bila kuyasema, imekwenda naye. Ipo mipangilio ya kudai saini zaidi ya moja, lakini sijakutana na kikundi chetu chochote kilichoiweka. Kikundi kinachonunua sarafu kupitia simu ya mweka hazina kimetupa kufuli mbili.

Mwanachama mwenye ziada yake binafsi, ambayo ikipotea watoto watakula na kusoma vilevile, ana haki ya kununua Bitcoin akitaka, na mwenye mzigo China ana haja inayoeleweka. Fedha ya hisa, fedha ya mfuko wa jamii na fedha ya mkopo wa kikundi zisipelekwe huko hata shilingi moja, kwa sababu hizo zina tarehe za kurudi na wenyewe wanajua pa kuzidai: kwenu.

Kwa hiyo naomba kila kiongozi aliyepo hapa apeleke pendekezo kwenye mkutano mkuu ujao wa wanachama wake, liandikwe kwenye katiba ya kikundi na kusainiwa: akiba ya wanachama haitabadilishwa kuwa sarafu yoyote ambayo haina mdaiwa mwenye leseni hapa nchini. Na mjumbe atakayesimama kupinga apewe nafasi aseme, kisha aulizwe mbele ya wote: tukizitaka shilingi zetu kesho, tutamdai nani?