Mgonjwa Akisharuhusiwa

Wahitimu wa tiba na uhandisi mnaoagwa leo hapa Dodoma, mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuwapandikizia vifaa vya usikivu watoto wasiosikia. Kifaa hicho hugeuza sauti kuwa umeme na kuupeleka kwenye mshipa wa fahamu wa sikio, na ubongo hujifunza kuuelewa. Ni kazi ya kujivunia. Lakini upasuaji ni wa saa chache, kifaa ni cha maisha. Sehemu yake ya nje hula betri, huharibika, hupotea. Mtoto naye huhitaji kurekebishiwa mipangilio na kufundishwa kusikia na kusema kwa miaka. Mtoto wa Kondoa au Mpwapwa ambaye waya wake umekatika hurudi kwenye ukimya, safari hii akijua alichopoteza. Ndiyo maana nashikilia kwamba anayeweka kifaa mwilini mwa mtu ametoa ahadi, na ahadi hiyo lazima iwe na mwenyewe.

Ahadi ikikosa mwenyewe, matokeo yake ni haya: kampuni ya Second Sight ya Marekani iliwawekea vipofu zaidi ya 350 kifaa cha macho kiitwacho Argus II, kisha ikaacha kukitengeneza. Waliokuwa nacho wakabaki na mtambo jichoni usio na fundi wala vipuri. Hayo yaliwapata watu wa nchi tajiri.

Mtaambiwa kwamba tukidai dhamana ya matunzo ya kifaa kabla ya upasuaji, watoto watapitwa na umri, kwa kuwa ubongo hujifunza sauti vizuri zaidi katika miaka ya mwanzo. Hoja hiyo ni nzito, wala sisemi tusubiri. Nasema betri, vipuri na nauli za kliniki ziingie katika bajeti ileile ya upasuaji, na mkataba umbane muuzaji aache maelekezo ya ufundi hata akifunga biashara. Wapo pia viziwi wanaohofia kwamba vifaa hivi vitaua lugha yao. Nawaunga mkono kwa hili: mtoto aliyepandikizwa afundishwe Lugha ya Alama vilevile, kwani kifaa kikizima ndiyo atakayobaki nayo, na wenzake wa kuzungumza nao wapo tayari.

Wahandisi, jifunzeni kuvitengeneza vifaa hivi hapa hapa nchini. Madaktari, mtakapoketi kwenye kamati za manunuzi, ulizeni habari za vipuri kabla ya kusaini.