Pumu Kitabuni

Wazazi wengi bado wanaamini kuwa mtoto mwenye pumu akianza kutumia pampu ya kuvuta hataiacha tena, basi humnywesha vidonge na dawa za maji tu. Si kweli. Pampu haileti uraibu; dawa yake hufika moja kwa moja mapafuni, tena kwa kipimo kidogo. Kitabu cha picha cha Kiswahili kingeonyesha mirija ya hewa inavyobana, na jinsi chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni pampu iingie, inavyomsaidia mtoto kuvuta dawa vizuri. Bibi naye asomewe, maana mara nyingi ndiye anayemlea. Katika vitabu vya aina hiyo nataka kuwaona pia watoto wenye ualbino na wanaotumia viti vya magurudumu, wakicheza, wakigombana, wakitumwa dukani. Wachapishaji, vitabu hivi tunavihitaji sasa.