Shamba la Anathothi

Kama Biblia iko karibu nawe, fungua Yeremia sura ya 32.

Ni mwaka wa 10 wa mfalme Sedekia. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, na Yeremia amefungwa katika ua wa walinzi kwa kutangaza kwamba mji utatekwa. Humo ndimo anamofuatwa na Hanameli, mtoto wa ami yake, akimwomba anunue shamba lake lililoko Anathothi, kijiji chao katika nchi ya Benyamini.

Nani hununua shamba asiloweza hata kulikanyaga? Yeremia alilinunua. Akapima shekeli 17 za fedha katika mizani, akaiandika hati, akatia muhuri, akaita mashahidi. Kisha akamwagiza Baruku, mwandishi wake, aziweke hati zote mbili, iliyofungwa kwa muhuri na iliyo wazi, ndani ya chombo cha udongo zipate kudumu. Mungu alikuwa amesema kwamba mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile, basi taratibu zote zikafuatwa kama siku za amani.

Kinachofuata hunigusa sana. Baada ya kulipa, Yeremia anaomba kwa mshangao: adui amefika ukutani, nawe Bwana unaniambia ninunue shamba? Wengi tumefundishwa kwamba mwenye imani haulizi. Nabii huyu aliuliza, na fedha ilikuwa imeshamtoka mkononi. Mungu hakumkemea. Alimjibu kwa kirefu, bila kumficha kwamba mji utachomwa moto, akaahidi kwamba watu wake atawarudisha.

Mji ukachomwa kweli. Watu wakahamishwa Babeli, na Yeremia akachukuliwa hadi Misri. Hakuna mahali Biblia inaposema alilima shamba lile hata siku moja. Ndugu yangu unayemwombea mtoto aliyepotea, au ndoa yako, na nywele zinageuka mvi, usiupime uaminifu wa Mungu kwa urefu wa maisha yako peke yake. Kwa kipimo hicho, hata Yeremia alidanganywa.

Mwaka 539 kabla ya Kristo Babeli ilianguka mikononi mwa Koreshi, mfalme wa Uajemi, naye akawaruhusu Wayahudi kurudi kwao. Sasa fungua Ezra sura ya 2, ile orodha ndefu ya majina tunayoiruka tunaposoma. Mstari wa 23 unawahesabu watu wa Anathothi waliorudi: 128. Nehemia naye, katika sura ya 7, anaandika idadi hiyo hiyo.