Mkono wa Karani: Maumivu ya Bega, Kiwiko na Vidole



Katibu alipotuandikia kututaka tuseme neno juu ya afya, tulimjibu ya kuwa sisi si waganga, kazi yetu ni majalada. Akatujibu kwa mstari mmoja tu, kwamba ndiyo sababu ametuchagua. Basi tutasema habari ya kiungo kilicho mtaji wetu, yaani mkono, tangu begani hata ncha za vidole. Yaliyo ya kitaalamu tumeyapokea kwa madaktari na vitabu vyao, hatukuyatunga.

Maradhi ya mkono wa mwandishi si jambo la jana. Katika Italia alikuwako daktari, jina lake Bernardino Ramazzini, aliyetunga kitabu juu ya magonjwa ya watu wa kazi mbalimbali. Kilitoka mara ya kwanza mwaka 1700, na mwaka 1713 akakiongezea habari za watu wengine, wakiwamo makarani. Alisema madhara yao yatoka katika mambo matatu: kukaa kitako siku nzima, kuendesha mkono kwa namna ile ile pasipo kupumzika, na kuibana akili ili hesabu isikosewe. Nani kati yetu asiyejiona humo? Amtaja pia mwandishi aliyemjua, ambaye mkono wake wa kuume ulipooza. Akajifundisha kuandika kwa mkono wa kushoto, nao baada ya muda si mrefu ukashikwa na maradhi yale yale. Tena katika Uingereza, mwaka 1908, ugonjwa wa mikono ya wapiga telegrafu uliingizwa katika orodha ya magonjwa ya kazi yenye kulipiwa fidia. Basi karani asiambiwe ya kuwa mkono wauma kwa uvivu.

Lakini liko kosa letu sisi wenyewe, nalo ni kuyaita maumivu yote ya mkono kwa jina moja. Mwenye bega asema ni baridi yabisi, mwenye kiwiko asema vivyo hivyo, na mwenye ganzi ya vidole pia. Wote hupaka dawa moja ya kuchua, na wote hungoja. Kumbe yako maumivu ambayo subira ndiyo dawa yake, na yako mengine ambayo subira ndiyo iyaharibuyo. Elimu hiyo tuliinunua kwa bei ghali, nasi twapenda ninyi muipate bure.

Mambo yetu yalianza usiku. Tulikuwa tukiamka saa nane, mkono wa kuume umekufa ganzi, vidole vikiwaka kama vilivyoshika pilipili. Tukiukung'uta kando ya kitanda, ganzi huondoka, nasi hulala tena. Tulidhani tumeulalia. Hali hiyo ikaendelea zaidi ya mwaka. Halafu ikaja mchana: kalamu yaanguka, kifungo cha shati hakishikiki, hati yetu iliyosifiwa tangu shuleni ikawa kama ya mtoto. Mkubwa wetu wa ofisi akatuuliza mbele ya wenzetu kama tumekunywa. Hatukujibu, kwa aibu. Wala hatukwenda hospitali, kwa aibu ile ile. Tulipakwa mafuta, tukachuliwa, tukachanjwa. Hata tulipokwenda, daktari alitutaka tuweke viganja vyote viwili mezani vikitazama juu. Ndipo tulipoona. Chini ya kidole gumba cha kushoto palikuwa na kilima cha nyama. Chini ya kile cha kuume palikuwa bonde.

Akatueleza hivi. Mbele ya kifundo cha mkono pana njia nyembamba. Sakafu na kuta zake ni mifupa midogo, na dari yake ni ukanda mgumu. Humo hupita kano 9 za kukunja vidole, na pamoja nazo mshipa mmoja wa fahamu. Mahali pakisongamana, kano hustahimili; mshipa wa fahamu ndio uumiao. Mshipa huo hutumikia kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho haukihusu. Kwa hiyo ganzi ishikayo vidole hivyo na kukiacha cha mwisho, tena iamshayo mtu usiku, haifai kuitwa baridi yabisi. Liko jaribio lenye jina la daktari Mmarekani, George Phalen: kunja vifundo vyote viwili chini, migongo ya viganja ikikutana, ukae hivyo sekunde 60. Ganzi ikija, hiyo ni dalili, ingawa si hukumu.

Wenye kupatwa zaidi ni wanawake, hasa wenye mimba, na watu wenye kisukari, wanene, na wale ambao tezi yao ya shingoni ni dhaifu. Kazi za kutumia nguvu nyingi za mkono na mashine zitetemazo pia huleta. Habari ya kompyuta huenda isiwapendeze: ushahidi kwamba kugonga vibao peke yake ndiko kuletako ugonjwa huu ni dhaifu kuliko tunavyodhani sisi makarani. Basi msikimbilie kulaumu meza kabla ya kupima sukari.

Ukigunduliwa mapema, dawa ni nyepesi. Mgonjwa hupewa gango la kuunyosha mkono kifundoni, alivae usiku kwa muda wa wiki 6 hivi. Pengine huchomwa sindano ya steroidi kifundoni. Hayo yasipofaa, au nyama ikianza kusinyaa, ukanda ule hukatwa kwa operesheni fupi; aghalabu hutiwa ganzi mkono tu, na mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile. Sisi tulipasuliwa, na tangu hapo twalala usiku kucha. Lakini nyama ya kidole gumba haikurudi. Hata leo kifungo cha kola twafungiwa na mwenzetu wa nyumbani.

Kama ganzi ni ya kidole cha mwisho na nusu ya kile cha pete, shida mara nyingi iko kwenye kiwiko, mahali pale ambapo ukijigonga wahisi kama umeme. Mshipa mwingine wa fahamu hupita hapo karibu na ngozi, nasi twaugandamiza kwa kuegemea meza tukishika simu. Acha kuegemea, na usiku ukizungushie kiwiko taulo kisikunjike sana. Nyama iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada ikipungua, usingoje.

Sasa twaja kwa yale ya kungojewa. Maumivu ya upande wa nje wa kiwiko, yazidiyo mtu ainuapo birika au apeanapo mkono, Waingereza huyaita kwa jina la mchezo wa tenisi. Jina hilo huwachekesha makarani wengi ambao hawajapata kushika raketi. Lakini Mjerumani Runge, aliyeyaeleza mwaka 1873, alikuwa akisema habari ya waandishi! Wengi hupona ndani ya mwaka mmoja. Hapa jihadharini na sindano: ile ya steroidi hutuliza kwa wiki kadhaa, lakini majaribio yameonyesha ya kuwa baada ya mwaka waliochomwa huwa na hali mbaya kuliko waliongoja. Kilicho bora ni kupunguza kazi iumizayo bila kuacha kutumia mkono, kubeba vitu kiganja kikitazama juu, na kuzoeza kano kwa uzito mdogo, ukiushusha polepole.

Bega lililoganda nalo huwapata hasa watu wa miaka 40 hata 60, na wenye kisukari kupita wengine. Daktari Codman wa Boston ndiye aliyelipa jina hilo, mwaka 1934. Mtu hawezi kuvaa koti wala kufikia mfuko wa nyuma, na hata mwingine akimwinulia mkono, bega lakataa. Huchukua mwaka mmoja hata mitatu. Tumewaona wenzetu wakiufunga mkono shingoni kwa kitambaa miezi mizima. Hilo ni kosa, maana bega lisilotembezwa huzidi kukaza. Inama, uuache mkono uning'inie, uuzungushe taratibu kila siku kwa kadiri ya maumivu. Sindano, hapa, yaweza kusaidia katika miezi ya kwanza yenye maumivu makali.

Kidole kinachokwama kikikunjwa, kisha kikafunguka kwa mlio, na maumivu ya kifundo upande wa kidole gumba yawapatayo wazazi wa watoto wachanga, yote mawili ni ya kano kubanwa katika ala zake, na hutibika vizuri kwa gango au sindano.

Lakini mtu aliyeanguka na tangu hapo hawezi kuinua mkono, aende siku hiyo. Pengine kano ya bega imekatika. Kidole kilichovimba chote, chenye joto, kisichokubali kunyoshwa, kisilazwe nyumbani hata usiku mmoja. Na maumivu ya bega au mkono yajayo pamoja na kifua kubanwa na jasho la baridi si habari ya mkono. Ni moyo, na saa ile ile mtu apelekwe hospitali.

Twamwomba Katibu jambo moja, liandikwe katika kumbukumbu: kwamba mwanachama akiulizwa ofisini sababu ya hati yake kuharibika, Chama kimsindikize kwa daktari kabla hakijaombwa kumtetea. Na yeyote aliyeamka usiku wa leo akiukung'uta mkono, atuone nje baada ya kikao. Tutaweka viganja vyetu mezani, naye aweke vyake.