Ubakaji: hatuchomi mtu, hatufanyi aranjema



Dada akibakwa mu kartie, mara nyingi tunaona njia mbili tu. Ya kwanza: vijana wanashika mtu, wanaleta tairi na esanse. Ya pili: familia mbili zinaikaa, zinahesabia mbuzi na dola, na binti ananyamazishwa. Sisi tunakataa zote mbili.

Sheria 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inasema: mwenye kubaka anafungwa miaka 5 mpaka 20, na amande juu yake. Kama binti ao kijana hajafika miaka 18, hata useme "alikubali", mbele ya sheria ni ubakaji. Wewe mwenye kusema "iko na 16 lakini tunapendana", sikia vizuri. Sheria ingine ya siku ile ile, 06/019, inakataza polisi kumaliza kesi ya namna hii na amande, na inataka hukumu itoke ndani ya miezi 3. OPJ mwenye kuomba "kitu kidogo" ili afunge dosie, anavunja sheria.

Sasa tuongelee mwenye kushitakiwa. Wengine wanauliza: juu ya nini tutetee haki yake? Katiba inajibu. Kifungu 17: anahesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho. Kifungu 18: aambiwe mara moja, mu luga yenye anasikia, sababu gani amekamatwa; asipitishe saa 48 mu kasho ya polisi bila kuachiliwa ao kupelekwa mbele ya sheria. Kifungu 19: iko na haki ya avoka tangu ku polisi. Na kifungu 61 kinasema haki ya kujitetea na ya kukata rufaa haziondolewe hata wakati wa état de siège.

Haiko huruma kwa mbakaji. Kwanza, kuna wenye kusingiziwa juu ya parseli ao deni. Mtu akisha kuchomwa, hakuna rufaa. Pili, kesi yenye ilifanywa vibaya inaweza kuanguka ku rufaa, na dada anarudi tena kueleza maumivu yake mbele ya watu. Avoka wa mshitakiwa akiuliza maswali yote, na ushahidi ukisimama, hukumu inakuwa na mizizi.

Mukumbuke Kavumu, Kivu ya Kusini. Watoto wasichana karibu 40 walibakwa. Mwenye kuongoza kundi alikuwa mbunge wa jimbo, Frédéric Batumike. Hakuchomwa. Alihukumiwa mbele ya watu, na maavoka wake wakiwa pale, na tarehe 13 Desemba 2017 alipewa kifungo cha maisha pamoja na wenzake. Rufaa haikumuokoa.

Basi, tufanye hivi. Dada akibakwa, afike hospitali mbele ya saa 72 kupita, nguo zake zichungwe, jina lake lisitembee mu WhatsApp. Mwenye kushikwa, tumpeleke polisi akiwa mzima, tuandike saa yenye aliingia, familia yake itafute avoka. Kisha sisi tufuate dosie ku parke, kila juma, mpaka juji aseme.

Hasira tuko nayo. Tuibebe mpaka ku tribinali, tusiimalizie mu barabara.