KUCHAGUA GOBORI LA KISASA KWA KUWINDIA KULUNGU

(Hotuba ya mwanachama wetu aishiye Pennsylvania, Marekani, iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani mbele ya wageni na wanafunzi wa sasa.)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze, alisema kuwa vijana wamesikia habari moja wakaidhania ni mzaha: kwamba katika nchi iliyopeleka watu mwezini wapo bado watu wanaokwenda porini na gobori. Habari hiyo ni ya kweli, nami nimeombwa kueleza mtu huchaguaje gobori la namna hiyo.

Hapa kwetu gobori halihitaji kuelezwa sana. Ni bunduki inayoshamiriwa kwa mdomo: baruti hutangulia, risasi hufuata, na vyote hushindiliwa kwa mdeki mpaka chini. Wazee wetu wa vita vya Maji Maji, mwaka 1905 hadi 1907, walikuwa na magobori mbele ya bombomu za Wajerumani, na mwisho wake mmeusoma katika somo la historia. Kwa hiyo kijana akisikia gobori hufikiri chombo cha makumbusho. Lakini gobori la kisasa limetengenezwa kiwandani kwa chuma bora, na mengine yana darubini. Kilichobaki cha kale ni kile kile: lina risasi moja tu, na ukiikosa, kulungu hatakungojea ushindilie ya pili.

Nieleze kidogo kwa nini Wamarekani wanajitia katika taabu hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulungu wa mkia mweupe walikuwa wamewindwa hata wakakisiwa kubaki kama nusu milioni nchi nzima. Leo hukisiwa kuwa karibu milioni 30. Kulungu hao si sawa na kulungu wetu. Madume yao humwaga pembe kila mwaka na kuota nyingine. Waliongezeka kwa sababu ya sheria: leseni, misimu mifupi, hesabu maalumu ya wanyama kwa kila mwindaji, na tangu mwaka 1937 kodi juu ya bunduki ndefu na risasi, ambayo leo ni asilimia 11 na fedha zake huhifadhi wanyama. Katika mpango huo majimbo mengi huweka siku za magobori peke yake. Porini huwa na watu wachache, na mwenye subira hupata nyama ya kumtosha wakati wa baridi.

Basi shauri langu lote ni hili: gobori lichaguliwe kwa ajili ya ile risasi moja. Mnyama aliyepigwa vibaya hukimbia na jeraha, akafia kichakani mahali asipoonekana, na hiyo ni aibu kwa mwindaji na hasara kwa kila mtu. Mambo ya kuangalia ni haya.

La kwanza ni sheria ya jimbo. Wengi hununua kwanza na kuuliza baadaye. Pennsylvania, ninakokaa, ilianzisha mwaka 1974 msimu wa bunduki za gumegume, yaani zile zinazowashwa kwa cheche za jiwe, na hata leo msimu wa baada ya Krismasi ni wa gumegume tu. Gobori la kisasa huruhusiwa katika siku chache za Oktoba, za kuwinda kulungu wasio na pembe. Ukivuka mpaka ukaingia Ohio, la kisasa linakubaliwa katika msimu wa magobori. Ukienda Colorado, msimu wa magobori hauruhusu darubini, wala baruti ya vidonge, wala risasi iliyovikwa kifuko cha plastiki. Mtu aliyenunua gobori la kisasa lenye darubini kwa ajili ya msimu wa baada ya Krismasi kwetu Pennsylvania, amenunua fimbo ya kutembelea.

La pili ni namna ya kuwasha baruti. Zipo tatu. Gumegume ni ya kale kuliko zote. Ni nzuri kwa macho, lakini huchelewa kidogo kuwaka, na mvua ni adui yake. Ya pili ni ya fataki, ambayo nyundo yake hupiga kutoka ubavuni. Ya tatu ndiyo iitwayo ya kisasa. Mwaka 1985 fundi mmoja wa Missouri, Tony Knight, alitoa bunduki aliyoiita MK-85, ambayo fataki yake ilikaa nyuma ya baruti moja kwa moja, na moto hauna kona ya kupita. Tangu hapo viwanda vingine vimefuata mtindo huo, na magobori mengi ya sasa hutumia fataki namba 209, ile ile ya bunduki za marisau. Kama sheria inakuruhusu, chukua lile linalokunjika katikati kama bunduki ya marisau, tena lenye kizibo cha nyuma kinachofunguka kwa urahisi. Faida yake utaiona jioni wakati wa kulisafisha.

La tatu ni kasiba. Ukubwa unaotumika zaidi kwa kulungu ni nusu inchi, nao unatosha kabisa. Lakini jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliangalii ni mifuo iliyo ndani, ile inayoizungusha risasi ili iende sawa. Mifuo inayokamilisha mzunguko mmoja kwa inchi 28 hufaa risasi ndefu na zile za kifuko cha plastiki. Mifuo ya pole, ya inchi 60 au 66, hufaa risasi ya duara inayofungwa kitambaa. Ya inchi 48 ipo katikati, hukubali zote mbili kwa kiasi. Ukitia risasi ya duara katika kasiba ya inchi 28 kwa baruti nyingi, usiilaumu bunduki kwa kutolenga. Umeoa mke wa kabila moja ukamsemesha lugha ya kabila lingine.

La nne ni baruti, na hapa naomba vijana mnisikilize vizuri kwa kuwa ni jambo la uhai. Gobori hutumia baruti nyeusi, au baruti za badala yake zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, kama Pyrodex iliyoanza kuuzwa mwaka 1976. Baruti isiyotoa moshi, ile ya risasi za kawaida, isitiwe kamwe katika gobori ambalo kiwanda hakikuandika wazi kuwa linaikubali. Inaweza kuipasua kasiba mbele ya uso wako. Kipimo kinachotumika sana kwa kulungu ni greni 100, ambazo hupimwa kwa kikombe chake maalumu. Madukani watakuonyesha bunduki inayokubali vidonge vitatu vya greni 50, yaani 150. Usitamani nguvu hizo. Bega litaumia, nawe utaanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Anza na greni 80, upige risasi tatu kwenye karatasi, kisha 90, kisha 100, bila kuvuka kiasi kilichoandikwa na kiwanda. Kipimo kinachokusanya matundu pamoja ndicho chako.

La tano ni umbali. Risasi ya duara hufika mita 100 ikiwa na karibu nusu tu ya mwendo iliotoka nao, kwa hiyo mwenye gumegume na ajizuie mita 70 hivi. Gobori la kisasa, kwa greni 100 na risasi ya greni 250, hutoa risasi kwa mwendo wa kama mita 500 kwa sekunde, na mtu aliyefanya mazoezi anaweza kumpiga kulungu kwa haki mita 130. Kipimo cha kweli, hata hivyo, ni macho na mikono yako. Kama karatasi ya ukubwa wa sahani huipati kila mara kwa mita 80, basi mwisho wako ni pungufu ya mita 80, hata kama bunduki imeandikwa maneno gani. Lenga nyuma ya bega, kwenye moyo na mapafu, mnyama akiwa amekupa ubavu.

La sita ni chuma. Baruti nyeusi huacha masizi yanayovuta unyevu, na gobori lililolala usiku bila kusafishwa huamka na kutu. Dawa yake ni maji ya moto na sabuni, kukausha vizuri, kisha mafuta. Chuma kisichoshika kutu kina bei kubwa zaidi lakini husamehe kidogo. Hakisamehi uvivu wa msimu mzima. Atakayenunua lililotumika na aombe taa aangalie ndani ya kasiba kabla ya kutoa fedha.

Baada ya kununua, fanya jambo moja ambalo halina gharama. Shamiri bunduki kwa kipimo chako, kisha tia alama kwenye mdeki pale unapoishia mdomo wa kasiba. Tia alama ya pili ukiwa hakuna kitu ndani. Alama hizo mbili zitakuambia kila siku kama bunduki ina kiasi au haina, na kama risasi imefika chini. Risasi iliyosimama njiani mbali na baruti inaweza kuipasua kasiba. Usimimine baruti kutoka chupa yake moja kwa moja, kwa maana cheche iliyosalia ndani huweza kuiwasha chupa mkononi, pima kwanza. Ukifyatua isilie, endelea kuielekeza mahali salama kwa dakika nzima, kwa kuwa moto unaweza kuwa unatembea.

Wanafunzi, baadhi yenu mtakwenda kusoma ng'ambo. Sheria ya Marekani ina masharti mazito juu ya mgeni mwenye viza ya muda na bunduki, nayo yanahusu hata kuishika tu. Uliza kwanza, pata leseni ya kuwinda, na hudhuria mafunzo ya usalama ambayo majimbo mengi huyataka. Kosa la siku moja linaweza kukurudisha nyumbani bila shahada. Na hapa Tanzania, maneno yangu yasichukuliwe kuwa ruhusa. Gobori la kificho na kuwinda bila kibali ni makosa mbele ya sheria, na mwenye gobori la kufuliwa hajui litamgeuka lini.

Ndugu Mwenyekiti, wenzetu wenye bunduki za risasi nyingi hutucheka, wakisema tunabeba taabu bure. Mimi naona mwenye risasi moja hujifunza kutazama kabla ya kufyatua. Ninyi mlio na mtihani mbele yenu mnaelewa ninachosema: majuto ni mjukuu, huja kinyume.

Walio na maswali, nipo mpaka chakula cha jioni.